Chumba Kilichobuniwa kwa Ajili ya Virusi

Wateja wangu wa ushauri nasaha siku hizi ni watu wa ofisi: maofisa mikopo, wahasibu, walimu wa shule za kulipia, vijana wa kampuni za simu. Karibu wote wameshapita kwa daktari wa moyo kabla ya kunifikia. Moyo unakwenda mbio kila Jumapili jioni, tumbo linawaka, usingizi unakatika saa tisa usiku, na wakipimwa wanaambiwa hawana kitu. Wanaketi, wanalaza simu mapajani, na baada ya kuzungukazunguka wanalitoa lililowaleta. Bosi anawasema mbele za watu, malengo ya mwezi hayafikiki, na wao wenyewe wamefika mahali pa kujiona si chochote. Kisha linakuja swali nililolizoea: "Sista, majibu yangu yatatoka lini?"

Nilikuwa nikicheka moyoni nikilisikia, siku hizi sicheki. Mwenye wasiwasi hana majibu ya kusubiri dirishani. Aliyekuwa na majibu ya kusubiri ni mtu aliyepima UKIMWI, na chumba ninamokaa, pamoja na viti vyake viwili vilivyowekwa mshazari ili mtu asitazamwe usoni kama anahojiwa polisi, kilibuniwa kwa ajili yake. Watu wengi hudhani ushauri nasaha ni mtoto wa hospitali za wagonjwa wa akili. Sivyo. Hospitali hizo zina ukoo wao.

Mimi ni wa Korogwe, na kwetu mtoto mtukutu kupita kiasi alitishiwa kupandishwa Lutindi. Lutindi iko juu milimani, Usambara. Wamisionari wa Kijerumani walifungua pale makazi mwaka 1896 kwa watoto waliokombolewa kutoka utumwani. Miaka michache baadaye watoto wa kukombolewa wakawa wachache, nyumba zipo, na kufikia 1904 pakageuzwa hifadhi ya wagonjwa wa akili, ya kwanza Afrika Mashariki. Nairobi walipata yao mwaka 1910, katika majengo yaliyokuwa ya kuwatenga wagonjwa wa ndui. Ndiyo Mathari ya leo. Waingereza walipochukua Tanganyika wakajenga Mirembe, Dodoma, mwaka 1927. Sitaki kuwaonea watu wa Lutindi, maana kule kazi za shamba na za mikono zimekuwa sehemu ya tiba mpaka leo, na wapo waliopona na kurudi kwao. Lakini zote tatu zilikuwa nyumba za mtu aliyeshindikana. Alifikishwa na askari, au na ndugu waliomfunga kamba. Karani aliyelala macho kwa sababu ya mkubwa wake wa kazi hakuwa na la kufanya Mirembe, na angekatisha tu mbele ya geti lake jina lake lingeharibika mtaa mzima.

Tena wataalamu wenyewe walisema karani huyo hayupo. J. C. Carothers alikabidhiwa Mathari mwaka 1938 bila ubingwa wowote wa magonjwa ya akili, akaiongoza zaidi ya miaka kumi, na mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likachapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika. Aliandika kwamba sonona ni nadra miongoni mwetu, na akaifananisha akili yetu na ya Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Wengi wamemjibu kwa hasira, na hasira hiyo ni halali. Mimi kama muuguzi nauliza jambo dogo zaidi: aliona wagonjwa gani? Aliona walioletwa na polisi. Mwanamke aliyekaa kimya nyuma ya nyumba yake, hali, hasemi, anajiona mzigo kwa watoto wake, hakuletwa na polisi. Mwaka 1979 John Orley na John Wing walichapisha utafiti uliofanyika katika vijiji viwili vya Uganda, nao walikuta sonona nyingi na kali kuliko waliyoikuta kwa wanawake wa mtaa mmoja wa London. Walikwenda vijijini, hiyo ndiyo tofauti.

Basi wasiwasi ulikuwa unapelekwa wapi miaka yote hiyo? Kwetu Tanga ulipelekwa kwa shangazi au kwa somo, yule mwanamke mzima aliyekufunda ulipokuwa mwari na ambaye hukuweza kumficha kitu mpaka afe. Ulipelekwa kwa shehe, akaandika aya kwa zafarani kwenye sahani, akaziosha, ukanywa kombe. Ukizidi, ulipelekwa kilingeni kwa mganga. Shangazi yangu wa Pangani alikuwa na pepo ambaye hakupanda ila mume anapokaribia kuoa mke mwingine, na kila akipanda alidai kanga mpya, ubani, na heshima ndani ya nyumba. Alipewa. Sisemi alikuwa anaigiza, wala sisemi hakuwa na pepo. Nasema kwamba alisikilizwa na watu wengi kwa usiku mzima, na mume akiwamo.

Wasiwasi wa kazini ulikuwa na mlango wake mwingine, na huu ndio unaosahaulika kabisa. Baba alikuwa karani wa stoo katika shamba la mkonge. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 Serikali ilitwaa sehemu kubwa ya mashamba hayo, na mwaka 1971 TANU, chama tawala, ikatoa Mwongozo. Kifungu cha 15 kilimkataza kiongozi kuwa na majivuno, dharau na uonevu. Wazee wenzake Baba walikijua kwa namba, "kumi na tano", kama waumini wanavyojua sura. Meneja akimtukana mtu mbele ya wenzake, lile halikuwa tatizo la usingizi wa aliyetukanwa. Lilikuwa jambo la kamati ya wafanyakazi. Katika viwanda kadhaa vya Dar es Salaam wafanyakazi waligoma kwa ajili ya lugha ya mameneja, wengine wakawafungia mameneja wenyewe nje ya geti. Haikudumu. Chama kikaanza kuwaona wagomaji kuwa wakorofi, baadhi yao wakapoteza kazi, na Baba hakukitaja tena kifungu kile mezani. Mwaka 1986 nchi ikatiliana saini na Shirika la Fedha la Kimataifa, yakaja masharti, na miaka iliyofuata ikaja hadithi ya kupunguzwa kazini. Mtu aliyebakizwa akajifunza kunyamaza.

Wakati huohuo, upande wa pili wa nchi, ugonjwa ulikuwa umeingia. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, katika hospitali ya Ndolage. Hospitali hazikuwa na dawa. Zilikuwa na habari mbaya tu, na hapakuwa na mtu aliyefundishwa namna ya kuitoa. Kampala, Noerine Kaleeba, ambaye mumewe alifariki kwa ugonjwa huo, alianzisha TASO, shirika la kuwasaidia wenye UKIMWI, pamoja na wenzake mwaka 1987. Dar es Salaam, Theresa Kaijage alianzisha shirika kama hilo, WAMATA, mwaka 1989. Hawa ndio waliotengeneza kazi yangu. Kwa kuwa hapakuwa na kidonge, kilichobaki ni mtu kukaa na mtu.

Mimi nilifundishwa baadaye, wakati shirika la AMREF linafungua vituo vya Angaza vya kupima UKIMWI, kuanzia 2001. Kila kitu kilikuwa na utaratibu. Anayeingia ni mteja, usimwite mgonjwa. Jina lake si lazima ulijue, ana namba. Unamuuliza kabla ya kipimo: majibu yakiwa hivi utafanya nini, yakiwa vile utamwambia nani? Usimhukumu, usimkatize, usimpe amri. Sisi wauguzi, tuliozoea kufokea watu foleni nzima, tulipata tabu sana na hilo la mwisho. Mlango unafungwa, na linalosemwa ndani linabaki ndani. Kwa mara ya kwanza Watanzania wa kawaida, dereva wa lori na mama wa mgahawa, walikaa mbele ya mgeni aliyelipwa ili awasikilize, na hakuna aliyesema wana wazimu.

Mwishoni mwa 2004 dawa za kufubaza virusi zikaanza kutolewa bure. Kupima kukawa jambo la kawaida la kliniki, mazungumzo yakafupishwa, fedha za wafadhili zikaelekea kwenye dawa. Washauri tukatawanyika: wengine mashuleni, wengine makanisani, wengine kama mimi tukakodi chumba na kubandika kibao kidogo. Watu wa ofisi walitufuata humo kwa sababu tulikuwa ndio tuliopo, na kwa sababu walishajua kwamba chumba cha namna hii kinatunza siri.

Siri ni urithi mzuri. Urithi mwingine unanisumbua. Kirusi kilikuwa ndani ya mwili wa mtu mmoja, kwa hiyo kumwita mtu mmoja, mlango umefungwa, ilikuwa sawa. Bosi hayumo mwilini mwa mtu. Namfundisha mhasibu kuvuta pumzi taratibu, kuandika mawazo yanayomjia usiku na kuyahoji asubuhi, na vinasaidia, nimeviona vikisaidia. Anarudi Jumatatu kwenye kiti kilekile, kikao kilekile, malengo yaleyale yaliyopandishwa.

Mfano wa kufanya vingine ulikuwa jirani tangu zamani. Mwaka 2002, katika wilaya za Rakai na Masaka za Uganda, ng'ambo ya mpaka wa Kagera, watafiti wa Marekani na wenyeji waliwakusanya wanavijiji wenye sonona katika vikundi vidogo, wanawake kwao na wanaume kwao. Vijiji vilikuwa 30. Walioongoza vikundi hawakuwa madaktari. Walikuwa watu wa palepale waliofundishwa wiki mbili. Walikutana mara moja kwa wiki, wiki 16, wakizungumzia misiba, ugomvi na maisha yaliyobadilika, na matokeo yaliyochapishwa 2003 yalionyesha nafuu kubwa kuliko vijiji vilivyokuwa bado havijapewa huduma hiyo. Vikundi vingine viliendelea kukutana vyenyewe baada ya watafiti kuondoka.

Kwa hiyo kampuni moja iliponiita kuzungumza na wafanyakazi wake, niliomba tukae kikundi badala ya kuniletea mmojammoja. Ikawa. Wiki za mwanzo walizungumzia foleni ya Ubungo na bei ya ada. Halafu dada mmoja wa idara ya malipo akasema kwamba kila barua pepe ya meneja inapoingia mikono yake hutetemeka, na kwamba alidhani ni yeye peke yake. Mwingine akainua mikono yake kumwonyesha. Tangu siku hiyo hawakuzungumza tena juu ya foleni. Wakaandika barua, wote wakatia saini, wakiomba makosa ya mtu yasisomwe hadharani kwenye kikao cha asubuhi. Ofisi ya rasilimali watu ikanipigia kutaka kujua nani aliyeanza. Nikawaambia hilo limebaki ndani. Kusoma makosa hadharani kukakoma. Mkataba wangu haukuendelezwa, na watatu kati yao sasa wanakutana kila Alhamisi baada ya kazi, bila mimi, nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi la mume wa mmojawapo.