Udongo wa Cam: hesabu iliyounganisha kutitia na kuvunjika kwa ardhi laini

Mpaka katikati ya karne ya 20, mhandisi aliyetaka kujenga juu ya udongo laini wa mfinyanzi alikuwa na maswali mawili, na kila swali lilikuwa na hesabu yake. La kwanza: ardhi itatitia kiasi gani chini ya jengo? La pili: itavunjika lini? Aliyepiga hesabu ya kwanza hakulazimika hata kuitazama ya pili. Kuyaona maswali hayo kuwa swali moja ni mojawapo ya hatua kubwa za uhandisi, ingawa nje ya fani wachache wamewahi kuisikia, na pale hatua hiyo iliposahauliwa watu walikufa.

Swali la kuvunjika ndilo lililotangulia. Mwaka 1773 Charles-Augustin Coulomb, mhandisi wa jeshi la Ufaransa aliyekuwa amerudi kutoka kujenga ngome katika kisiwa cha Martinique, alisoma andiko lake mbele ya Akademia ya Sayansi ya Paris. Alisema uimara wa udongo hutokana na vitu viwili: mshikamano wa chembe zake, na msuguano unaoongezeka kadiri chembe zinavyobanwa. Kanuni hiyo ina mstari mmoja tu. Mpaka leo imo katika karibu kila programu ya kompyuta ya wahandisi wa ardhi, na haisemi lolote kuhusu udongo kupungua au kuongezeka ujazo.

Waswidi ndio walioonja mapema uchungu wa kutoujua udongo laini. Kusini mwa nchi yao mna tabaka nene za mfinyanzi zilizotuama majini baada ya barafu ya kale kuyeyuka. Mwaka 1916 gati la Stigberg huko Göteborg liliporomoka baharini. Tarehe 1 Oktoba 1918, huko Getå karibu na Norrköping, tuta la reli liliteleza na treni ya abiria ikaanguka na kuwaka moto; walikufa zaidi ya watu 40. Wakati huo shirika la reli la Sweden lilikwisha kuunda tume ya kuchunguza maporomoko, chini ya Wolmar Fellenius, na ripoti ya tume hiyo ya 1922 ilifundisha namna ya kupima uimara wa mfinyanzi na kupiga hesabu ya mteremko unaoteleza kwa umbo la duara. Ilikuwa kazi kubwa, lakini bado ilikuwa hesabu ya kuvunjika peke yake.

Swali la kutitia lilipata jibu Istanbul. Karl Terzaghi, mzaliwa wa Prague, alipelekwa huko mwaka 1916 kufundisha uhandisi, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza akahamia chuo cha Wamarekani cha Robert, katika mji huohuo. Fedha hazikuwepo, hivyo vyombo vyake vya kwanza alivitengeneza kwa makopo, masanduku ya sigara na vitu vya jikoni. Alichokiona ni kwamba mzigo ukiwekwa juu ya mfinyanzi uliojaa maji, maji ndiyo yanayoubeba kwanza. Chembe huanza kuupokea polepole, kadiri maji yanavyopata njia ya kutoka. Anayekamua nazi kwenye kifumbu ataelewa: nguvu ya mkono haiifikii nazi yote mara moja, kwa kuwa tui lazima litoke kwanza, na kifumbu kikisukwa kwa kubana mno, mkamuaji husubiri.

Kutokana na hayo Terzaghi alitoa kanuni ambayo uhandisi mzima wa ardhi umesimama juu yake: kinachoamua tabia ya udongo ni mkazo unaobaki baada ya kutoa shinikizo la maji yaliyomo kati ya chembe. Mlinganyo wake wa 1923 ulionyesha pia kwamba muda wa kutitia hukua kwa mraba wa unene wa tabaka. Tabaka likiwa nene mara mbili, kungoja kunakuwa mara nne. Kitabu chake kilitoka Vienna mwaka 1925, na mwaka huohuo akaenda kufundisha MIT, Marekani.

Mwanafunzi wake na msaidizi wake wa muda mrefu, Arthur Casagrande, aliongeza jambo ambalo kwangu ndilo la ajabu kuliko yote. Mwaka 1936 alieleza namna ya kusoma, kutoka katika kipande kimoja cha udongo, mzigo mkubwa kuliko wote ambao udongo huo umewahi kuubeba tangu ulipotuama. Ukiupakia mzigo ulio chini ya huo wa zamani, unasinyaa kidogo sana. Ukiuvuka mpaka huo, unaanza kubonyea kwa kasi na haurudi. Barafu iliyoyeyuka miaka elfu kumi iliyopita imeacha alama yake ndani ya chembe, na mtu wa maabara anaweza kuipima.

Sasa twende Cambridge. Kenneth Roscoe aliingia katika utafiti wa udongo baada ya Vita Kuu ya Pili, ambayo sehemu yake kubwa aliipitisha akiwa mfungwa wa Wajerumani. Aliwakusanya vijana wenye akili kali. Mmoja, Andrew Schofield, alikuwa amefanya kazi ya barabara za gharama nafuu Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, akichunguza udongo mwekundu wa huko kabla ya kurudi kusomea shahada ya uzamivu. Mwingine alikuwa Peter Wroth. Mwaka 1958 watatu hao walichapisha makala iliyochora udongo kwa namna mpya. Badala ya mchoro wa pande mbili walitumia wa pande tatu: mkazo unaoubana udongo kutoka kila upande, mkazo unaojaribu kuukata, na ujazo wake.

Ndani ya mchoro huo maswali mawili ya zamani yalikutana. Kila mfinyanzi uliosukumwa bila kukoma, uwe ulianza mgumu au laini, ulielekea kwenye mstari mmoja, ambapo unaendelea kujongea bila mkazo wala ujazo wake kubadilika. Hiyo ndiyo hali ya kikomo. Maana yake ni kwamba huwezi kujua uimara wa udongo laini mpaka ujue unataka kupungua ujazo kiasi gani unapokatwa. Mfinyanzi laini unapokatwa hutaka kusinyaa. Kama maji yana njia ya kutoka, unasinyaa na kuwa imara zaidi. Kama hayana, kusinyaa huko hakuwezekani, hivyo mzigo unahamia kwenye maji, shinikizo lao linapanda, chembe zinaachiana, na udongo unavunjika mapema kuliko kanuni ya Coulomb peke yake inavyoahidi.

Mchoro ulikuwa umepatikana. Mlinganyo ulikuwa bado. Ulikuja kwa msaada wa kijana kutoka Ceylon, Alagiah Thurairajah, ambaye baadaye aliongoza Chuo Kikuu cha Jaffna. Katika vipimo vyake alihesabu nishati inayoteketea udongo unapokatwa, akaona inafuata sheria nyepesi mno: inategemea msuguano wa hali ya kikomo tu. Ukichukua sheria hiyo na kuiunganisha na plastisiti, nadharia iliyokuwa inaeleza chuma kinavyopinda na kubaki kimepinda, unapata mpaka kamili wa tabia ya mfinyanzi laini kwa vipimo vichache vya maabara. Roscoe, Schofield na Thurairajah walichapisha hayo mwaka 1963. Modeli ikaitwa udongo wa Cam, kwa jina la mto upitao Cambridge, na Schofield na Wroth walisisitiza katika kitabu chao cha 1968 kwamba huo ni udongo wa fikra, si wa kuchimbwa kingoni mwa mto huo.

Mwaka huohuo wa 1968 Roscoe na John Burland, aliyekulia na kusoma Afrika Kusini, waliirekebisha. Mpaka wa awali ulikuwa na ncha kali iliyoleta majibu ya ajabu udongo ulipobanwa sawasawa pande zote; wao waliweka duaradufu laini mahali pake. Roscoe hakuishi kuona modeli hiyo ikienea duniani. Alikufa katika ajali ya gari mwaka 1970.

Burland aliishi kuitumia mahali ambapo kila mtu angeona matokeo. Mnara wa Pisa ulianza kujengwa mwaka 1173 na ujenzi ukasimama ghafla karibu na 1178. Ulikaa hivyo karibu miaka 100. Ujenzi ulisimama tena mwaka 1278, na mnara ukakamilika karibu na 1370. Mapumziko hayo ndiyo yaliyouokoa, maana kila mara mfinyanzi wa chini ulipata muda wa kutoa maji na kukaza. Mafundi wangeendelea bila kusimama, udongo ungevunjika chini ya mzigo huo.

Mnara ulifungwa Januari 1990, miezi michache baada ya mnara mwingine kuanguka huko Pavia. Kamati chini ya Michele Jamiolkowski ilipewa jukumu la kuuokoa, Burland akiwemo. Katika chuo cha Imperial, London, waliigiza kwa kompyuta historia yote ya mnara wa tani zipatazo 14,500, wakitumia aina ya modeli hiyo ya 1968, mpaka mnara wa kwenye hesabu ukainama kama ule wa mawe. Hapo ndipo waliweza kuuliza: je, tukichomoa udongo kidogo upande wa kaskazini, mnara utanyooka au utaanguka? Hesabu ilijibu kwamba upo mstari chini ya msingi: chimba kaskazini ya mstari huo na mnara utarudi, uvuke, na utazidi kuinama. Kati ya 1999 na 2001 udongo ulitolewa kidogo kidogo kwa mabomba, mwinamo ukapungua karibu nusu digrii, na Desemba 2001 wageni wakaanza kupanda tena.

Miaka miwili na ushee baadaye, tarehe 20 Aprili 2004, shimo la njia ya treni ya chini ya ardhi liliporomoka Singapore kando ya barabara ya Nicoll. Lilikuwa na kina cha mita 30 hivi ndani ya mfinyanzi laini wa bahari. Kuta zilifunga kwa ndani, sehemu ya barabara ikazama, na wafanyakazi wanne wakafa. Uchunguzi ulikuta makosa mawili makubwa yaliyokutana. Moja lilikuwa la chuma: maungio ya mihimili ya kushikilia kuta yalikuwa dhaifu mno. La pili lilikuwa la udongo. Waliosanifu walikuwa wameipa kompyuta kanuni ya Coulomb, wakaiambia kwamba maji hayatoki, wakaiacha ijipatie yenyewe uimara wa mfinyanzi. Katika kanuni hiyo udongo hausinyai unapokatwa, kwa hiyo shinikizo la maji halipandi inavyopaswa. Kompyuta ilitoa udongo imara kuliko ule uliokuwa nyuma ya ukuta, na ukuta ukapinda karibu mara mbili ya ilivyotabiriwa.

Jibu la jambo hilo lilikuwa limechapishwa tangu 1963. Naona uchungu kuliandika, lakini ndivyo ilivyokuwa: programu ilikuwa mpya, na fikra iliyowekwa ndani yake ilikuwa ya 1773. Ndiyo sababu nashikilia kwamba mwanafunzi wa uhandisi achore njia ya mkazo, yaani namna mkazo ndani ya udongo unavyobadilika kadiri mzigo unavyobadilika, kwa mkono wake, kwa penseli na karatasi, kabla hajakabidhiwa programu yoyote.

Modeli ya Cam nayo ina mpaka wake. Ilijengwa juu ya mfinyanzi uliokorogwa maabara na kubanwa upya, ilhali udongo wa asili una vifungo kati ya chembe na una umri. Laurits Bjerrum, mkurugenzi wa kwanza wa taasisi ya udongo ya Norway, alionyesha mwaka 1967, kwa majengo ya mji wa Drammen, kwamba mfinyanzi huendelea kutitia kwa miaka mingi hata maji yakishatulia. Mwaka 2003 watafiti wa Finland na Uingereza walitoa modeli inayoinamisha ile duaradufu kufuata namna udongo ulivyotuama, na baada yake zikaja zinazohesabu vifungo vinavyokatika. Zinahitaji sampuli zilizotolewa ardhini bila kutikiswa, na hizo ni ghali na ngumu kupatikana.

Udongo unaozisumbua zaidi ni ule wa Norway uliotuama katika bahari ya chumvi, ukainuka juu ya maji, kisha mvua na chemchemi zikausafisha chumvi yake. Ukiwa umetulia hubeba nyumba; ukivurugwa hugeuka uji. Huko Gjerdrum, alfajiri ya 30 Desemba 2020, ulichukua nyumba na watu kumi. Tume ya uchunguzi ilisema chanzo ni kijito kilichokuwa kinakula kingo zake chini ya mteremko. Kuufuata udongo huo kwa hesabu, tangu ufa wa kwanza mpaka unapotiririka, ndiyo kazi iliyoko mezani sasa katika maabara za Trondheim, Göteborg na kwingineko.