Moteli Iliyohamwa na Barabara

Moteli ya Bates haikuwahi kulaza mgeni hata mmoja. Ilijengwa katika viwanja vya studio za Universal, California, ili Alfred Hitchcock apigie hapo filamu yake ya Psycho, iliyotoka mwaka 1960. Hata hivyo, walioitazama filamu hiyo wanaikumbuka moteli kuliko nyumba nyingi za wageni walizolala kweli: vyumba 12 vilivyopangwa kwa mstari, ofisi ukingoni, na nyuma yake, juu ya kilima, nyumba ndefu ya kizamani yenye dirisha moja linalowaka taa. Mimi huitazama kama hati ya historia. Hofu iliyomo ndani yake ilianza kujengeka barabarani miaka mingi kabla Hitchcock hajashika kamera.

Msafiri wa Marekani wa zama za reli alilala hoteli ya mjini. Aliingia kwa mlango mkubwa, akapita ukumbini, karani akamwona anapoingia na anapotoka. Gari liliubadili mpango huo. Mwenye gari alitaka kuegesha mbele ya chumba chake, ateremke na vumbi lake, alale, aondoke alfajiri bila kupita mbele ya macho ya watu. Desemba 1925 msanifu majengo Arthur Heineman alifungua Milestone Mo-Tel katika mji wa San Luis Obispo, kwenye barabara kati ya Los Angeles na San Francisco, akiwauzia wasafiri faragha hiyo. Mwaka huohuo mchoraji Edward Hopper alichora House by the Railroad: nyumba kubwa ya mtindo wa zamani, imesimama peke yake, reli imepita mbele yake na kuuficha msingi wake. Nyumba ya kilimani katika Psycho inafanana mno na ile ya Hopper. Kwa hiyo fremu moja ya Hitchcock inabeba enzi mbili za safari: juu ni nyumba ya zama za reli, chini ni moteli ya zama za gari.

Lakini faragha ina wateja wa kila aina. Julai 1933 majambazi Bonnie Parker na Clyde Barrow, pamoja na wenzao, walikodi vyumba viwili vya matofali huko Red Crown Tourist Court, karibu na Platte City, Missouri. Polisi walipowazingira usiku, risasi zilirindima na genge likaponyoka. Mwaka 1940 J. Edgar Hoover, mkuu wa FBI, aliandika katika The American Magazine kwamba kambi za wasafiri kando ya barabara zimekuwa maficho ya wahalifu na mahali pa uzinzi, ambako watu hujiandikisha kwa majina ya uongo. Kwa miaka mingi basi, wasiwasi wote ulimwelekea mgeni. Mwenye vyumba alihesabiwa kuwa mtu wa kuhurumiwa, kwa kuwa hajui nani amelala kwake.

Wasiwasi huo naujua. Nimekaa mapokezi katika gesti ya mjomba wangu, kando ya barabara ya Dar es Salaam kwenda Mbeya, na daftari la wageni lilikuwa mikononi mwangu. Jina, kabila, atokako, aendako, kazi, sahihi. Askari wakiingia, kitu cha kwanza wanachokiulizia ni daftari. Mgeni mwenye jina lake huandika bila kuinua kalamu. Mwenye jina la kuazima husita kidogo kwenye herufi ya kwanza, na aliye mapokezi huona.

Kwa sababu hiyo, tukio ninalolirudia zaidi katika Psycho ni lile la daftari, kuliko lile maarufu la mauaji ya bafuni. Marion Crane, aliyechezwa na Janet Leigh, ameiba dola 40,000 za mteja wa mwajiri wake huko Phoenix, Arizona. Mvua imemshinda, ameiacha barabara kuu bila kujua. Anajiandika Marie Samuels. Anapoulizwa atokako, jicho lake linaangukia gazeti lililo ndani ya mkoba, naye anajibu Los Angeles. Mtazamaji wa mwaka 1960, aliyelelewa na maonyo kama yale ya Hoover, alimtambua mara moja: huyu ndiye mgeni wa hatari. Wakati huo mkono wa Norman Bates, mwenye moteli, aliyechezwa na Anthony Perkins, unatangatanga juu ya funguo, kisha unachukua ya chumba namba moja, kinachopakana na ofisi. Hapo Hitchcock amekigeuza kibao. Mwenye kuficha jina ni mwizi aliyekwisha kuanza kujuta. Mwenye kutoa ufunguo ndiye wa kuogopwa. Hata haki inapokuja kumtafuta Marion, inapita kwenye daftari lilelile: mpelelezi Arbogast analinganisha mwandiko na kumtambua.

Norman anaeleza kwa nini vyumba vyote 12 ni vitupu: barabara kuu imehamishwa. Hakuna anayefika pale ila aliyepotea njia. Maneno hayo yalikuwa habari ya kweli nchini Marekani. Juni 1956 Rais Eisenhower alitia sahihi sheria ya kujenga barabara kuu za kitaifa zenye urefu wa maili 41,000, kama kilomita 66,000, serikali kuu ikibeba asilimia 90 ya gharama. Barabara hizo ziliipita miji kando, na gari lilitoka mahali palipotengwa tu. Familia zilizoweka akiba yote katika vyumba kumi au kumi na viwili zilibaki zikisikia magari kwa mbali. Tangu mwaka 1952 Kemmons Wilson wa Memphis alikuwa ameanza Holiday Inn, na kampuni za namna hiyo zikajipanga penye njia za kutokea. Kwenye gesti yetu nako, mjomba aliwasha taa ya kibao kila magharibi, hata wiki ambayo hatukupata mgeni, akisema kibao kikizima na biashara imezimika. Norman anapoeleza kwamba taa bado zinawashwa na taratibu zinafuatwa, mimi namsikia mfanyabiashara anayeshikilia desturi kwa sababu ndiyo pekee aliyobaki nayo.

Nchini Marekani kwenyewe, moteli nyingi zilizohamwa na barabara hazikuishia kwa watu kama Norman. Ziliuzwa kwa bei nafuu, na walionunua kwa wingi walikuwa Wahindi wa Kigujarati, wengi wao wenye jina la Patel. Miongoni mwao walikuwemo watu wa huku kwetu: familia zilizofukuzwa Uganda kwa amri ya Idi Amin mwaka 1972, zikaanza upya ugenini. Waliishi nyuma ya ofisi, mama na watoto wakatandika vitanda na kufua mashuka wenyewe, faida ya moteli ya kwanza ikanunua ya pili. Leo Wamarekani wenye asili ya Kihindi wanamiliki takriban nusu ya moteli za nchi hiyo.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa miaka mingi Marekani ilimwogopa mgeni wa barabarani, kisha Hitchcock akaifundisha kumwogopa mwenyeji. Filamu hiyo naiheshimu, lakini historia ya biashara hii naipenda zaidi, kwa kuwa ndani yake mgeni alikuja kweli, akiwa amenyang'anywa nyumba yake Kampala, akashika funguo ambazo wenyewe walikuwa wamezikatia tamaa. Aliyeiponya moteli ni yeye.