Kaskazi, Kusi na Majira ya Visiwani: Historia Iliyomo Katika Maneno

Mwanafunzi wa Mutoyi, katika vilima vya Gitega, akiulizwa Muyinga iko upande gani, atajibu: kaskazini mashariki. Jibu lake ni sahihi, lakini ndani yake mna jina la upepo wa baharini, kilomita elfu moja hivi kutoka vilima vyake. Kaskazi ni upepo unaovuma kutoka upande wa Arabuni na Bara Hindi. Kusi ni upepo wa upande wa pili. Watu wa pwani walizipa pande za dunia majina ya pepo hizo, na misafara ya karne ya 19 ilipoifikisha lugha hadi Ujiji na kandokando ya Ziwa Tanganyika, ilibeba na majina hayo. Hata neno msimu limetokana na mawsim la Kiarabu, nalo mabaharia walilitumia kwa wakati wa kusafiri.

Makala haya yanaeleza kwa ufupi ni nini kilichofanya hali ya hewa ya Zanzibar iwe ya wastani, historia inatuonyesha nini kuhusu uthabiti wake, na kwa nini jambo hilo linamhusu mwalimu wa Kiswahili wa Burundi.

Tuanze na joto. Unguja iko karibu nyuzi 6 kusini mwa ikweta, mahali ambapo mtu angetarajia jua la kuunguza. Lakini bahari hupata joto polepole na kulipoteza polepole. Mchana nchi kavu ikichemka, upepo wa baharini huipoza. Usiku bahari huzuia baridi isizidi. Mkondo wa maji ya vuguvugu hupita pwani hiyo kuelekea kaskazini, na maji yake hubaki kati ya nyuzijoto 25 na 30 hivi karibu mwaka mzima. Ndiyo maana tofauti kati ya mwezi wa joto zaidi na mwezi wa baridi zaidi ni nyuzi chache tu.

Sisi wa nyanda za juu tunayo hali ya wastani pia, ila sababu yake ni nyingine. Joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi kila tunapopanda mita 1,000. Sehemu kubwa ya Burundi ya kati iko kati ya mita 1,500 na 2,000 juu ya usawa wa bahari. Zanzibar hupozwa na maji. Gitega hupozwa na urefu wa milima.

Katika mvua, hata hivyo, tunafanana kuliko tunavyodhani. Ukanda wa mvua hulifuata jua linapovuka ikweta mara mbili kwa mwaka. Visiwani mvua kubwa za Machi hadi Mei huitwa masika, na zile ndogo za Oktoba hadi Desemba huitwa vuli. Kati yake kuna kiangazi cha joto cha Januari na Februari wakati wa kaskazi, na kipupwe cha Juni hadi Agosti wakati wa kusi. Mkulima wa Mutoyi ana agatasi, ana impeshi, na ana ici, yaani kipindi kirefu cha ukavu. Agatasi inakaribiana na vuli na impeshi inakaribiana na masika, ingawa miezi haiwiani kabisa. Mwalimu akiyaweka maneno haya bega kwa bega, mwanafunzi huelewa upesi kuliko akipewa fasili ya kamusi peke yake.

Pepo hizo mbili ndizo zilizopanga maisha ya pwani. Majahazi ya Omani, Ghuba na Bara Hindi yalishuka na kaskazi kati ya Desemba na Machi, kisha yakarudi kwao na kusi kuanzia Aprili. Wenyeji nao walikuwa na mwaka wa jua unaoanzia Nairuzi, wenye asili ya Uajemi, ambao hadi leo husherehekewa Makunduchi mwezi wa Julai kwa jina la Mwaka Kogwa. Mwaka huo ulikuwa na siku 365, zikihesabiwa kwa miongo, yaani makundi ya siku kumi kumi. Kwa miongo hiyo mkulima alijua wakati wa kupanda na baharia alijua wakati wa kutweka tanga. Leo tunapotumia neno mwongo kwa miaka kumi, tumerefusha kipimo cha zamani.

Je, utaratibu huo haukuvunjika kamwe? Ulivunjika. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kikali kiliipiga Unguja. Jambo hilo ni nadra sana, kwa sababu karibu na ikweta nguvu ya mzunguko wa dunia ni ndogo mno kuweza kuzungusha upepo ukawa kimbunga. Merikebu za Sultani Barghash, aliyekuwa hajatimiza hata miaka miwili madarakani, ziliharibiwa bandarini, na sehemu kubwa sana ya mikarafuu ya Unguja iling'olewa. Pemba kwa kiasi kikubwa ilinusurika. Mkarafuu huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa, hivyo hasara haikuweza kufidiwa haraka. Tangu hapo Pemba ikawa ndicho kisiwa kikuu cha karafuu, na ndivyo ilivyo mpaka leo. Siku moja ya upepo ilibadili uchumi wa visiwa viwili.

Mabadiliko ya sasa hayaji kwa siku moja. Bahari ile ile iliyokuwa ikivipoza visiwa inazidi kupata joto. Mwaka 1998 matumbawe mengi ya Afrika Mashariki yalipauka na kufa, na mwaka 2016 yakapauka tena. Nayo ndiyo makazi ya samaki na ukuta wa kuvunja mawimbi. Kilimo cha mwani, kilichoanza kibiashara Unguja mwaka 1989 na kuwapatia kipato hasa wanawake, kimepata pigo: aina ya mwani yenye bei nzuri zaidi haistawi tena vizuri katika maji ya kina kifupi yaliyopata joto. Huko Pemba maji ya chumvi yameingia katika baadhi ya mashamba ya mpunga. Mei 2024 kimbunga Hidaya kiliikaribia pwani ya kusini ya Tanzania. Kimbunga kimoja hakithibitishi kitu peke yake, lakini bahari yenye joto zaidi huvipa vimbunga nguvu zaidi.

Nasi hatuko mbali na hayo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Kirundo, jirani ya Muyinga, ilipatwa na ukame ulioleta njaa. Aprili 2020 mto Rusizi ulifurika na kuwatoa watu wengi majumbani mwao Gatumba, na katika miaka iliyofuata Ziwa Tanganyika lenyewe lilipanda na kuingia mitaani.

Sasa turudi darasani. Vitabu vyetu bado huandika kwamba masika ni Machi hadi Mei, na mwanafunzi hukariri hivyo ili afaulu mtihani. Nyumbani anamwona mama yake akishika mbegu mkononi huku akingoja mvua isiyofika. Akikosa maneno ya kueleza tofauti hiyo, atadhani kwamba Kiswahili ni lugha ya kitabuni tu. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Siku hizi mawingu huja na kupita.

Napendekeza tusilifute jedwali la majira, bali tuliongezee safu mbili. Safu ya kwanza iwe ya majina ya Kirundi. Ya pili ijazwe na wanafunzi wenyewe kwa kuwauliza wazee wa kilimani: zamani mlipanda lini, na mwaka huu mmepanda lini? Majibu yaandikwe kwa Kiswahili, pamoja na tarehe na jina la kilima. Baada ya miaka michache shule itakuwa na kumbukumbu yake ya mvua, na mwanafunzi atakuwa amejifunza kutumia maneno mvua ya mapema, kuchelewa, kukatika na kuzidi katika habari anayoijua mwenyewe.