Saa moja ya kuonja: historia ya michezo midogo ya kompyuta, na vile tulivyoiona sisi



Mwezi uliopita tuligombana. Haukuwa ugomvi wa ngumi, ulikuwa wa maneno tu, lakini ulikula mikutano miwili. Kule kambini, kwenye chumba cha vijana, tuna kompyuta tatu za zamani zenye Windows 7. Wakubwa wa kamati walitaka michezo yote ifutwe, eti vijana wanakuja kucheza karata na kufuga kuku wa uongo wakati barua zao za kuomba kazi hazijaandikwa. Wengine wakajibu: futeni michezo, chumba kitabaki na viti peke yake. Mwisho tukaambiwa sisi wa kujitolea tuandike maoni yetu.

Tulipokaa kuandika tukaona hatuwezi kuhukumu kitu bila kujua kilitoka wapi, nani alikitengeneza na alitaka nini kwa mchezaji. Kwa hiyo hapa tunaweka historia kwanza, maoni nyuma. Na tukisema michezo midogo, hatusemi ile ya vita wala ya mpira. Tunasema ile ya kupanga vipande, kulinganisha rangi, kufumbua fumbo, na ile ya kuhudumia wateja kabla muda haujaisha. Hata bibi anaweza kuicheza.

MICHEZO ISIYOKUWA NA BEI

Wazee wetu hawakungoja kompyuta. Warundi wana ikibuguzo, ambao Rwanda wanauita igisoro. Watu wa pwani wana bao. Mashimo ni 32, kete ni 64, na mbao ukikosa unachimba chini kwenye udongo. Wazee wakikaa kucheza, hakuna anayewauliza zimebaki dakika ngapi. Mchezo unaisha ukiisha.

Mchezo mdogo wa kompyuta uliojulikana dunia nzima ni Tetris. Alexey Pajitnov aliutengeneza Moscow mwaka 1984, akiwa mfanyakazi wa kituo cha kompyuta cha Chuo cha Sayansi. Mashine yake, Elektronika 60, haikuweza kuonyesha picha, akachora vipande kwa mabano ya maandishi. Vipande ni saba, kila kimoja cha miraba minne, vinaanguka na wewe unavipanga. Watu wakanakiliana kwa diski, mkono kwa mkono, bila kulipa. Haki za mchezo zikabaki mikononi mwa serikali ya Kisovieti, na Pajitnov mwenyewe alianza kupata malipo yake mwaka 1996. Miaka kumi na miwili! Wengi wetu tuliujua kupitia kile kimashine cha plastiki cha betri mbili kilichokuwa kinauzwa sokoni. Hatukujua hata kama kuna Mrusi nyuma yake.

Halafu ikaja Solitaire. Microsoft waliiweka ndani ya Windows 3.0 mwaka 1990. Aliyeandika programu ni Wes Cherry, kijana aliyekuwa pale kwa mafunzo ya kazi, na hakulipwa kwa ajili ya mchezo huo. Picha za karata zilichorwa na Susan Kare. Kwa nini kampuni ya kazi za ofisi iweke karata ndani ya mashine? Juu wakati ule watu wengi hawakuwa wamewahi kushika kipanya. Ukiburuta karata kutoka hapa kwenda pale, mkono unajifunza bila kujua. Mwaka 1992, ndani ya Windows 3.1, wakaongeza Minesweeper, ule wa kutafuta mabomu yaliyofichwa, na hapo kitufe cha kulia cha kipanya kikapata kazi.

Hii si hadithi ya mbali. Kuna mama mmoja kambini, amepita miaka hamsini, zamani alikuwa anauza samaki Uvira. Alipokuja kwenye mafunzo yetu mkono ulikuwa unatetemeka, mshale unakimbia kioo kizima. Tukamwekea Solitaire. Wiki mbili baadaye alikuwa anatuuliza kwa nini mashine imemficha mzungu wa nne. Leo ndiye anayejaza orodha ya mahudhurio ya chumba cha cherehani. Kwenye mkutano alisimama akasema, "Wanangu, mkifuta zile karata, nani atawafundisha wenzangu kushika hiki kitu?" Kamati ilinyamaza kidogo.

SAA MOJA YA KUONJA

Sehemu hii tuliiona kwa macho yetu hapa Bujumbura. Tunaongea miaka ya 2009 mpaka 2013 hivi. Nyaya za intaneti za chini ya bahari ndio kwanza zilikuwa zimefika Mombasa na Dar es Salaam, na huku kwetu kufungua ukurasa mmoja ilikuwa kazi ya subira. Wengine wetu tulikuwa na miaka tisa, kumi, tunaishi Buyenzi na familia zilizovuka kutoka Kongo. Kwenye siberi, yaani zile nyumba za kompyuta za kulipia kwa dakika, intaneti ikilala mwenye duka anafungua michezo aliyoiweka kwa flashi.

Michezo yenyewe ilitoka kwenye biashara mpya. Mwaka 2001 kampuni ya PopCap ya Marekani ilitoa Bejeweled: unabadilishana mawe mawili ya rangi, matatu yakipangana yanapotea. Wazo hilo halikuwa jipya kabisa, juu mwaka 1994 Mrusi Eugene Alemzhin alikuwa ametengeneza Shariki, mchezo wa mipira ya rangi unaofanana nao. PopCap walichokionyesha wenzao ni namna ya kuuza. Unachukua mchezo bure, unacheza kama dakika 60, halafu dirisha linafunga na kusema: lipa. Bei ilikuwa karibu dola 20, kwa kadi ya benki.

Kadi ya benki! Buyenzi, mtoto wa mkimbizi, mwaka 2010. Basi sisi tukawa mabingwa wa saa ya kwanza. Ile saa haikuwa ya mtu, ilikuwa ya mashine. Wakicheza wenzako asubuhi, ukifika mchana unakuta imebaki dakika nne. Tukawa tunaulizana mlangoni: namba mbili imekwisha? Namba tano bado? Tunahama kutoka mashine moja kwenda nyingine tukifuata dakika zilizobaki. Na mwenye siberi naye anahesabu dakika zake. Tulilipia muda upande mmoja, upande mwingine tunanyang'anywa muda.

Mchezo uliotushika kuliko yote ni Diner Dash, wa studio ya gameLab ya New York, ulioanza kuenea mwaka 2004. Msichana Flo anaacha kazi ya ofisi na kufungua mgahawa. Wateja wanaingia, unawakalisha, unachukua oda, unapeleka chakula, unaleta bili, unaondoa vyombo. Kila mteja ana mioyo inayoonyesha subira yake. Ukichelewa mioyo inapungua, ikiisha anaondoka na pesa yake. Siri yake ni kuunganisha kazi za aina moja: ukichukua oda, chukua za meza mbili mfululizo, pointi zinapanda. Mwaka 2007 ikafuata Farm Frenzy iliyotolewa na kampuni ya Alawar ya Urusi. Kuku wanataka majani, majani yanataka maji, mayai yanaenda kiwandani, dubu wanashuka kukuharibia, gari linapeleka mali mjini. Ukiwahi unapata dhahabu.

Sisi tuliujua mgahawa wa kwanza wa Flo kama tunavyojua nyumba zetu. Wa pili tuliuona kidogo. Wa mwisho hatukuwahi kuufika. Siku moja tulihesabu michezo tunayoifahamu tukafika zaidi ya ishirini. Mchezo ambao tuliumaliza haukuwepo hata mmoja.

Baadaye zilikuja flashi zenye michezo iliyovunjwa kufuli na tukacheza hadi usiku. Lakini tuseme ukweli, wengi tuliacha baada ya wiki. Tulikuwa tumezoea kucheza mwanzo.

KUUZA KUNGOJA

Mwaka 2012 kampuni ya King ilitoa Candy Crush Saga, kwanza kwenye Facebook, halafu mwaka huohuo kwenye simu. Peremende badala ya mawe, lakini ni ndugu wa Bejeweled. Mara hii hakuna saa ya kuonja, mlango uko wazi. Unapewa maisha matano. Ukishindwa hatua moja, maisha moja yanaondoka, na yanarudi baada ya dakika 30. Hutaki kungoja? Lipa. Mwaka 2016 kampuni ya Activision Blizzard ilikamilisha kuinunua King kwa dola bilioni 5.9. Hesabu wenyewe kungoja kuna thamani gani.

Hapa sisi wakimbizi tuna jambo la kusema. Kungoja ndiyo kazi tunayoijua. Tunangoja mgao, tunangoja karatasi, tunangoja jina litoke ukutani. Watengenezaji walifikiri mchezaji ni mtu wa ofisi ambaye nusu saa itamuuma na atatoa pesa. Kwetu nusu saa haiumi mtu, tunaiweka simu chini tunaongea. Lakini kuna wenzetu waliogundua ujanja: unasogeza saa ya simu mbele, maisha yanajaa.

Rafiki yetu mmoja alikuwa fundi wa huo ujanja. Usiku mmoja alisogeza saa mbele, akacheza, akairudisha nyuma, na usingizi ukamfanya airudishe kupita kiasi. Kesho yake alikuwa na miadi ya kupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole pamoja na familia yake. Kengele aliyoipanga kwa saa kumi na moja alfajiri ililia saa moja imekwishapita. Alipofika, orodha ilikuwa imefungwa. Miadi mingine ilipatikana baada ya miezi mitatu. Hatumsemi kwa kumcheka, yeye mwenyewe ndiye alitwambia tuandike. Alisema, "Nilikuwa naiba dakika za mchezo, kumbe naziiba za mama yangu."

Hata Solitaire haikubaki vilevile. Mwaka 2012 Windows 8 ilitoka bila zile karata za zamani. Ikawa lazima uzipakue, na matoleo mapya yana matangazo. Ukitaka yaondoke unalipa kila mwezi. Karata zilizowekwa kufundisha mkono sasa zinauza macho yako.

MAONI YETU

Tukipanga yote haya kwenye mstari tunaona kitu kimoja. Mwanzoni mchezo ulikuja pamoja na mashine na kukuacha na muda wako. Halafu ukakuuzia saa. Sasa unakuuzia kungoja. Kwa hiyo hatuulizi tena kama michezo ni mizuri au mibaya. Tunauliza: huu unafanya nini na muda wa mtu?

Solitaire ya Windows 7 ibaki. Haidai intaneti, haidai pesa, ukiichoka unaifunga na haikuiti.

Mchezo wa mabomu ubaki, lakini ubadilishwe. Kwenye mashine zetu za Kifaransa unaitwa Démineur, mtegua mabomu, na kuna mtoto aliyetoka milima ya Fizi aliyekataa kuugusa. Alikuwa na haki. Hata Italia kuna watu walilalamika kwamba mabomu ya ardhini si jambo la kuchezea, na tangu Windows Vista ya mwaka 2007 unaweza kuchagua maua badala ya mabomu. Tumeshabadilisha mashine zote tatu. Sasa watoto wanatafuta maua.

Ile ya kuhudumia wateja ibaki pia, kwa zamu. Sisi tunaokaa kwenye meza ya kuandikisha watu tumejifunza kitu kwa Flo. Zamani kila mtu alikuwa anafanyiwa kila kitu na mtu mmoja, mstari unasimama. Sasa mmoja anakagua karatasi, mwingine anaandika, na wamama wenye watoto mgongoni wanakaa mbele. Mstari unatembea.

Lakini pia unadanganya, na vijana wajue. Kwenye mchezo kila hatua imepimwa ili mtu mwepesi aishinde. Kambini mgao ukipungua, haijalishi unakimbia namna gani. Na watu wanaosimama mbele yetu hawana mioyo juu ya vichwa. Mzee anaweza kusimama tangu alfajiri bila kusema neno, subira yake imekwisha zamani na hatuioni. Inabidi tumuulize.

Ile ya maisha matano isiwekwe kwenye kompyuta zetu. Kwenye simu yako ni shauri lako, ila saa ya simu usiiguse.

Kamati imekubali tujaribu miezi mitatu: barua za kazi asubuhi, michezo baada ya saa tisa mchana. Na yule mama wa karata ameomba aongezewe wanafunzi wanne. Tumempa sita.

Nyinyi mnaosoma, mlicheza wapi saa yenu ya kwanza? Na kuna aliyewahi kuufika mgahawa wa mwisho wa Flo? Atuambie tu ukoje.