Panya Anusaye Pembe za Tembo

Pembe za tembo za Kongo zina njia yao tangu zamani. Nyakati za Tippu Tip, aliyefariki Unguja mwaka 1905, zilitoka Kasongo na Nyangwe, zikavuka ziwa Tanganyika mpaka Ujiji, kisha Tabora, hata kufika Bagamoyo pwani. Zilichukuliwa mabegani mwa watu, baadhi yao watumwa. Siku zile hakuna aliyezificha.

Mwaka 1989 mataifa yalikutana Lausanne, katika Uswisi, yakakataza biashara ya pembe hizo kati ya nchi na nchi. Je, biashara ikafa? Ilijificha tu. Sasa pembe hufunikwa kwa mbao au kahawa, hutiwa ndani ya kontena za chuma, hupelekwa bandarini. Polisi na watu wa forodha hawawezi kufungua kila kontena. Lakini harufu hutoka katika matundu ya hewa.

Kwanza waliletwa mbwa, kama huko Mombasa. Kisha akaja panya buku. Sisi tumemjua zaidi sufuriani! Bart Weetjens, Mbelgiji, alimwona kwa jicho lingine. Shirika la APOPO alilolianzisha mwaka 1997 lilifanya makao Morogoro, Tanzania, likafundisha panya kutafuta mabomu yaliyofukiwa ardhini Msumbiji, kisha kutambua kifua kikuu katika makohozi. Baadaye wakafundishwa harufu ya magamba ya kakakuona, pembe za tembo na za kifaru, na mti wa mpingo.

Mafundisho yenyewe yataka subira. Panya huwekewa matundu yenye harufu mbalimbali. Akikuta ile inayotafutwa, hutuliza pua pale kwa sekunde chache, ndipo hupewa chakula. Katika majaribio yaliyotangazwa mwaka 2024, panya 8 walitambua vitu hivyo vinne kati ya vingine 146. Na harufu ambazo hawakuzinusa kwa miezi 5, hata 8, hawakuzisahau. Wameshonewa fulana nyekundu yenye kidude kifuani: panya hukivuta kwa mikono yake, nacho hulia, mwenye kumwongoza akasikia.

Lakini tuseme wazi: panya anapokuta pembe, tembo amekwisha kufa. Wala hawezi kusema ni nani aliyefunga mzigo. Kazi hiyo ni ya polisi na mahakimu, na rushwa haina harufu puani mwa panya.

Kwetu Virunga, hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1925, pua huanza kazi mapema zaidi. Tangu mwaka 2011 walinzi wa Rumangabo wana mbwa wa jamii ya Mtakatifu Hubert, waliofugwa zamani na wamonaki wa Ardennes, Ubelgiji. Mwaka 2012 mbwa wawili walipelekwa penye mzoga wa tembo aliyekatwa pembe. Wakafuata harufu ya majangili kilometa 7, mpaka kijiji cha wavuvi. Baadaye walinzi wakapambana nao. Risasi zikalia, majangili wakakimbia, wakaziacha bunduki zao.