Chombo Kilichozaa Kabila
Baadhi ya wataalamu walidai Wapolinesia walifika visiwani mwao kwa kusukumwa na upepo tu. Mwaka 1976 Wahawaii waliwajibu kwa chombo: Hōkūleʻa, mitumbwi miwili iliyofungwa kwa kamba, ilikwenda Tahiti bila dira. Rubani wake, Mau Piailug, alitoka Satawal, Mikronesia, maana Hawaii elimu ya nyota ilikuwa imepotea. Sisi wahandisi, wajukuu wa mitepe, tunamvulia kofia. Mabaharia waligombana njiani, Mau akarudi kwao kwa ndege. Baadaye alikubali kumfundisha Nainoa Thompson, Mhawaii.

Mwaka 1985, huko Waitangi, New Zealand, mzee wa Kimaori, Sir James Henare, aliwaambia wageni kwamba kaskazini kuna makabila matano, na wao sasa ni la sita. Likaitwa Ngāti Ruawāhia.