Macho Wazi Katika Ukumbi wa Kaloleni

Mwaka 1986 nilikuwa na miaka kumi na minne, na maji ya nyumbani kwetu nilikuwa nikiyateka usiku. Kulikuwa na kijana mmoja mwenye mabega mapana aliyeshinda mferejini jioni. Akinikuta, alikuwa akimwaga ndoo yangu, ananichapa kofi la kisogo, na wenzake wanacheka. Mama aliponiuliza mbona nachelewa, nilimwambia foleni ni ndefu.

Mjomba, aliyefanya kazi ya reli, hakudanganyika na foleni hiyo. Alinishika mkono hadi Ukumbi wa Kaloleni. Mtaa wetu wa Kaloleni, Nairobi, ulijengwa miaka ya 1940 kwa jasho la mateka wa vita wa Kiitaliano, na humo ukumbini ndimo chama cha KAU kilimokuwa kikikutana kudai nchi. Mimi nilikuta viti vimesukumwa ukutani, gunia linaning'inia kwenye boriti, na harufu ya jasho na mafuta ya kuchua.

"Unaogopa ngumi, kijana?" kocha wa ndondi aliniuliza. Nikanyamaza.

"Basi tuanze na taulo."

Alilichovya taulo kwenye karai, akalikamua, akawa ananirushia usoni. Kazi yangu ilikuwa moja tu: nisifumbe macho. Wiki tatu nzima sikuvaa glavu. Maji yaliniwasha, kope zilinisaliti, naye alirusha tena bila kunitukana hata mara moja. Polepole nikaanza kuona jambo ambalo woga ulikuwa umenificha: kabla taulo halijafika, bega limeshasogea.

Ndondi za Kenya zilikua katika kumbi za namna hii, Kaloleni, Pumwani, Muthurwa, halafu zikalelewa na waajiri. Polisi walikuwa na timu yao, Chafua Chafua. Magereza, Jeshi na Reli nao walikuwa na mabondia wao, kwa hiyo kijana wa mtaani aliyejua kurusha ngumi aliweza kupata sare na mshahara. Nakuru ilimtoa Philip Waruinge. Kule Mexico mwaka 1968 aliambulia shaba, lakini akapewa Kombe la Val Barker, lililokuwa likitolewa kwa bondia aliyeonyesha ustadi kuliko wote kwenye Olimpiki. Mwaka 1972 mjini Munich akarudi na fedha, huku Dick Tiger Murunga na Samuel Mbugua wakileta shaba. Kocha wetu alimtaja Waruinge karibu kila siku, na nadhani alifanya hivyo kwa ajili ya vijana wembamba kama mimi. Tulihitaji kusikia kuwa kuna kombe la ustadi.

Mwaka 1987 Michezo ya Afrika ikaja Nairobi, na Hit Squad, timu yetu ya taifa, ikazoa dhahabu 8 kati ya 12. Mwaka uliofuata, kule Seoul, Robert Wangila akamwangusha Mfaransa Laurent Boudouani katika raundi ya pili ya fainali. Hadi leo hiyo ndiyo dhahabu ya pekee ya Olimpiki ambayo Kenya imeipata nje ya riadha. Wangila alifariki Las Vegas mwaka 1994 kwa majeraha ya ulingoni, akiwa na miaka 26. Siwezi kuusifu mchezo huu bila kumlilia yeye.

Lakini mferejini nilirudi kabla ya hayo yote, wiki ya tano ya mazoezi, saa kumi na moja jioni. Yule kijana aliipiga teke ndoo yangu ikabingirika. Nikaifuata, nikaiokota, nikairudisha chini ya maji. Akainua mkono. Nikaliona bega lake likisogea, nami nikamtazama tu, mikono yangu yote miwili ikiwa kwenye mkono wa ndoo. Ule mkono wake ulikaa juu kwa muda, kisha akautumia kujikuna shingo.

Ndoo ilipojaa nikajitwisha. Nilifika nyumbani jua halijazama, na mama akauliza kama leo mferejini hakukuwa na watu.